Mkuu wa Mbinu wa Kiwanda cha Mipira ya Vifuniko

"Nipeni meli, nipeni saa moja ya kupanga amri, halafu niacheni nikalale. Nikiamka, adui atakuwa majivu!"

Hayo aliyasema Pyo Cheol-gyu akiwa amesimama, glasi ya pombe ya soju mkononi, tai ameizungusha kichwani kama kilemba, mbele ya wafanyakazi wote wa kiwanda, katika mgahawa wa nguruwe wa kuchoma ulio nyuma ya kituo cha mabasi cha Siheung, Korea. Watu walishangilia. Mkurugenzi Tak Sang-bae alipiga meza kwa kiganja mpaka bakuli la kabichi ya kimchi likaruka. Mtu pekee ambaye angeweza kumvuta shati akae chini alikuwa Yeom Da-hye, mwenzake wa meza ya ukaguzi, lakini yeye alikuwa na mkasi mkononi anakata nyama, na alichosema ni hiki tu:

"Basi kalale sasa hivi, kaka. Utuokoe."

Ukitaka kujua kwa nini watu wazima, wenye watoto na mikopo ya nyumba, walikuwa wakimshangilia mtu kwa ajili ya meli za angani zisizokuwepo, mwangalie kwanza Mkurugenzi Tak. Kiwanda chake kilitengeneza kitu kimoja tu: ule mpira wa duara unaokaa ndani ya mfuniko wa jiko la umeme la kupikia wali na kuuzuia mvuke usitoroke. Alianza na mashine moja iliyokuwa ikivuja mafuta, na sasa alikuwa na watu themanini na gari lenye viti vinavyokanda mgongo. Mtu wa namna hiyo akipenda kitu, watu themanini wanakipenda. Alipopenda milima, kiwanda kizima kilipanda mlima kila Jumapili, na mhasibu mwenye goti bovu alipanda kwa makalio, ngazi kwa ngazi, huku akisifia hewa. Alipopenda uvuvi, wake wa wafanyakazi walijifunza majina ya chambo. Kisha daktari akamkataza kupanda na mkewe akamkataza kuvua, na mpwa wake akamwekea kwenye simu gemu liitwalo Mto wa Fedha.

Kabla mwezi haujaisha, kila mtu kiwandani alikuwa nalo, hata mama wa kantini. Hakuna aliyelazimishwa. Mkuu wa Idara ya Uzalishaji, Ban Jong-man, alipita tu kwenye mashine, mikono nyuma, akiuliza kwa upole, "Wewe bado hujajiunga? Kwani una ugomvi gani na Mkurugenzi?"

Sasa, Mto wa Fedha si gemu la kukimbiza vidole. Humo huendeshi chochote. Kila mtu ana meli yake, umoja wenu una kikosi chake, na kabla ya vita mtu mmoja anakaa chini na kupanga amri: meli ipi ikae safu ipi, nani apige nani kwanza, na kikosi kikiumia kiasi gani ndipo kigeuze kikimbie. Saa ya vita ikifika, amri zinafungwa. Hata ulie, hata upige simu kwa waliolitengeneza, hazibadiliki. Kompyuta ndiyo inayopigana, ninyi mnatazama tu. Kwa hiyo yote yamo katika kupanga, na Cheol-gyu, jamani, kupanga alikujua.

Alikujua kwa sababu ujana wake wote aliumalizia kwenye vibanda vya gemu, akila tambi za kikombe mbele ya skrini wakati wenzake wakisoma kwa ajili ya mitihani ya serikali. Sasa ana miaka thelathini na minne na kazi ya mkataba: kuvuta mipira, kuimulika, kutupa yenye ufa. Sheria inasema mfanyakazi wa mkataba akitimiza miaka miwili apewe ajira ya kudumu. Na kwa sababu sheria inasema hivyo, mikataba ya pale ilikuwa inaisha muda mfupi kabla ya miaka miwili. Wa kwake ulikuwa unaisha mwisho wa Februari. Mama yake kule Yeosu alikuwa tayari amewatangazia wenzake wa kwaya kwamba mwanawe ni wa kudumu. Alitangaza mapema, kama watu wanavyoagiza keki.

Kesho yake baada ya ile soju, Mkurugenzi alimwita ofisini. Cheol-gyu aliingia akiwa amejiandaa kuomba radhi.

"Ulichosema jana ni pombe au ni wewe?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ni mimi, Mkurugenzi."

"Unamfahamu Gal?"

Nani asiyemfahamu Gal? Gal Yong-pil, mtengeneza mabeseni wa Yangju, alisoma sekondari darasa moja na Mkurugenzi, na tangu hapo kila mkutano wa waliosoma pamoja uligeuka mahakama ya kuamua nani kamzidi mwenzake. Gal naye alikuwa ameingia Mto wa Fedha, na watu wake wote wa mabeseni nyuma yake.

"Ameniandikia kwenye grupu la darasa kwamba vifuniko vyangu vinavuja," alisema Mkurugenzi. "Mbele ya darasa zima. Januari tunapigana naye. Kuanzia leo wewe ni Mkuu wa Mbinu. Tukimpiga Gal, Machi unasaini. Kazi ya kudumu, bima, kila kitu. Neno la Tak."

Cheol-gyu aliinama mpaka paji la uso likakaribia meza. Alipotoka humo alikuwa amerefuka.

Alipewa meza karibu na dirisha na skrini mbili, na mipira yake ikahamishiwa kwa Da-hye, ambaye sasa alivuta ya watu wawili kwa mshahara wa mtu mmoja. "Hongera, Jenerali," alimwambia. "Vita vikiisha utanikuta hapa, nimegeuka mpira."

Vita vya kwanza kwanza vya kujaribia alivipanga kama mtu anayejua. Meli zenye mabamba mazito aliziweka mbele, kwa sababu ndizo zinazostahimili makombora na mizinga yao ni mifupi, haifiki mbali. Meli nyepesi aliziweka nyuma, kwa sababu zina mizinga mirefu na ngozi ya karatasi. Akaandika kwamba theluthi ya safu ya mbele ikivunjika, wote wageuze. Wakashinda mara ya kwanza. Wakashinda mara ya pili. Mara ya tatu walizidiwa, lakini waligeuka kwa wakati na kurudi karibu wote, jambo ambalo kwa mtu wa mbinu ni tamu kuliko ushindi, na kwa wengine wote ni aibu.

Sifa zikampanda. Alianza kutembea kiwandani mikono nyuma kama Ban. Watu walimletea kahawa ya mashine bila kuombwa. Fundi mmoja alimwomba ushauri kuhusu mkewe, naye akamjibu kwa lugha ya vikosi. Da-hye alisema kwamba siku hizi ukimpa salamu lazima usubiri aipange safu.

Balaa lilianza na meli ya Ban.

Mkuu wa Idara Ban alikuwa na miaka hamsini na sita na meli nzito kuliko zote baada ya ile ya Mkurugenzi. Aliinunulia mabamba kwa fedha ambayo mkewe aliambiwa ni ya meno. Aliipa jina la Heshima. Katika vita vile vya tatu Heshima ilisimama safu ya mbele, ikafanya kazi yake vizuri kabisa, yaani ikapigwa na kila mtu, ikarudi ubavu mmoja mweusi. Jumatatu Ban alivuta kiti akakaa mbele ya zile skrini mbili.

"Bwana Pyo, hebu nifundishe. Mimi ni mtu wa zamani, sielewi mambo."

"Karibu, Mkuu."

"Mimi naingia kiwanda hiki, wewe ulikuwa bado unapenga kamasi kwenye mkono wa shati. Sivyo?"

"Ndivyo, Mkuu."

"Sasa kwa nini mimi nasimama mlangoni, mahali pa wadogo, na Yeom Da-hye amekaa ndani kabisa, karibu na Mkurugenzi, kama bibi harusi?"

"Mkuu, ule si mlango, ni safu ya mbele. Meli yako ina mabamba mazito, ndiyo maana..."

"Kwa hiyo mtu akinunua koti zuri, adhabu yake ni kusimama mvuani."

Kulikuwa na jibu, na jibu lilikuwa ndiyo, koti la mvua ni la mvuani. Lakini watu hawamjibu hivyo Ban Jong-man.

"Mimi sijali," alisema Ban akinyanyuka. "Mimi ni nani? Ila Mkurugenzi ameliona hilo jambo. Hakusema. Lakini ameliona. Na karatasi za ajira ya kudumu, kabla hazijafika kwake, zinapita wapi?"

"Kwako, Mkuu."

"Eeh. Kwangu."

Mchana huo Cheol-gyu alikwenda kwa Mkurugenzi akiwa ameyapanga maneno yake vizuri. Alitaka kumwambia kwamba angani hakuna mkubwa wala mdogo, kuna bamba na mzinga. Alitaka kumwonyesha kwa vijiti vya kulia. Lakini Mkurugenzi alimtangulia, huku akitafuna mzizi wa ginsengi wenye asali:

"Na mimi, siku ya Gal, meli yangu itakaa wapi?"

Hapo ndipo ulimi wa Cheol-gyu ulipomtangulia mwenye ulimi. "Mahali pa heshima, Mkurugenzi. Ndani kabisa, mbali na mlango."

Mkurugenzi alitabasamu kwa namna ambayo Cheol-gyu hakuwahi kuiona. "Unaona?" alisema, kama vile anamwambia mtu mwingine mle ofisini. "Wanasema vijana wa siku hizi hawana malezi."

Basi ikawa imekwisha. Hakuna aliyemwekea kisu shingoni. Alirudi kwenye meza yake, akaomba idara ya utumishi miaka ya kuzaliwa ya wafanyakazi wote, na akakipanga kikosi kizima kama meza ya karamu: Mkurugenzi ndani kabisa, Ban kando yake, kisha wa miaka ya hamsini, kisha wa arobaini, na kadhalika mpaka mlangoni, ambako walisimama vijana wa mkataba na ngozi zao za karatasi. Waliozaliwa mwaka mmoja aliwapanga kwa miezi. Alifanya kazi safi. Safu zilinyooka, na kwa mtu asiyejua vita, zilipendeza kuliko zile za mwanzo.

Kilichobaki ni amri ya kukimbia. Katika kikao Ban aliinua kidole.

"Hii theluthi ya safu ya mbele. Maana yake ni kwamba vijana wakiumia kidogo, kikosi kizima kinatoka mbio. Mkurugenzi bado yuko vitani, watu wanabeba mikoba yao?"

Pale kiwandani, kama kwingine kote, saa ya kutoka ilikuwa ni ile Mkurugenzi anapotoka. Akikaa mpaka saa tatu usiku, watu walikaa mpaka saa tatu, wakiitazama taa ya chumba chake kama wakulima wanaotazama wingu. Kwa hiyo swali la Ban halikuwa na majibu mawili. Wote walimgeukia Cheol-gyu. Naye, maskini, hakujibu tu. Alinogesha.

"Hakuna atakayetoka kabla ya Mkurugenzi," alisema. "Nitaifunga amri kwenye meli yake. Yeye akiumia nusu, ndipo wote tugeuze."

Kikao kizima kilipiga makofi. Mkurugenzi alijifanya anatafuta miwani.

Da-hye alimkuta kwenye ngazi za dharura, anakunywa kahawa ya kikombe cha karatasi peke yake. Alikuwa ameuona mpangilio. Kila mtu aliuona, ulibandikwa ukutani kantini.

"Kaka, nikuulize. Hii ni vita, au babu yako anatimiza miaka sabini?"

"Usinianze, mdogo wangu."

"Wazee wenye mizinga mifupi umewaweka nyuma. Watampiga nani kutoka huko? Watapiga visogo vyetu?"

"Kuna kitu nimekiweka. Vijana wote watalenga meli za matengenezo za Gal kwanza. Zikifa zile, hana wa kumziba matundu. Tunaweza kummaliza haraka."

"Na tusipommaliza haraka?"

Cheol-gyu alipuliza kahawa yake.

"Mkurugenzi yuko nyuma ya kila mtu," Da-hye aliendelea, polepole, kama anamsomea mtoto. "Hawezi kuguswa mpaka sisi wote tumeisha. Asipoguswa, hatukimbii. Kwa hiyo tutakimbia lini? Tukishakufa?"

"Unadhani sijui? Najua kuliko wewe. Najua kuliko wote humu ndani."

"Basi badilisha. Bado siku zipo."

"Mkataba wako unaisha lini?"

"Juni."

"Wangu Februari," alisema Cheol-gyu, akakiminya kile kikombe. "Wewe una miezi ya kusema kweli. Mimi sina."

Da-hye aligeuka kushuka ngazi. "Kaka, unajua ubaya wako? Wewe si mjinga. Mjinga ningemwonea huruma."

Siku ya vita ilikuwa Jumamosi mchana. Mkurugenzi aliagiza tambi nyeusi na nguruwe wa sukari na siki kwa kiwanda kizima, projekta ikaning'inizwa kantini, na wafanyakazi walikuja na familia zao kwa sababu Ban alikuwa ameuliza, kwa upole, nani hana familia. Mkurugenzi alimpigia Gal simu, akaweka sauti kubwa, akailaza simu juu ya meza kati ya mabakuli.

"Tak!" ilisema simu. "Umekuja na mwavuli? Maana vifuniko vyako vinavuja!"

"Wewe kaa kwenye beseni lako usubiri," alijibu Mkurugenzi, na watu themanini wakacheka.

Cheol-gyu alikuwa na kompyuta mpakato magotini. Amri zilikuwa hazijafungwa bado. Kisanduku cha kukimbia kilikuwa wazi mbele yake, na ndani yake maneno ya meli kuu, ile ya Mkurugenzi. Kufuta na kuandika safu ya mbele ni kazi ya vidole vichache, na hakuna ambaye angejua mpaka vita viishe. Na wakishinda, nani angeuliza? Alikuwa ameshaweka kidole. Ban alikuwa upande mwingine wa meza, anachanganya tambi zake.

"Mkuu wetu wa Mbinu!" Mkurugenzi alipaza sauti. "Si ulisema ukipanga unakwenda kulala? Mbona uko macho?"

"Alale! Alale!" walidakia wengine.

"Mpeni kitanda!"

Viti viliunganishwa. Mtu alimwondolea kompyuta magotini, kwa heshima, kwa mikono miwili, akaiweka mezani na kuifunga. Walimlaza kwenye viti, wakamfunika uso kwa koti lake mwenyewe, na watoto walimwimbia wimbo wa kubembeleza. Chini ya lile koti Cheol-gyu alicheka kama wengine, kwa sauti kubwa, ili asikike. Alikuwa bado anacheka projekta ilipolia kuonyesha kwamba amri zimefungwa.

Kwa hiyo vita vya maisha yake hakuviona. Alivisikia.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kantini ililipuka kwa shangwe. Mtu alipiga kelele kwamba meli ya matengenezo ya Gal imekwenda, kisha nyingine, kisha zote. Mbinu yake ilikuwa imefanya kazi. Alisikia mkono unampiga begani juu ya koti: "Lala, Jenerali, lala!" Na kwa muda mfupi, katika giza lile lililonuka jasho lake na nyama, aliamini.

Kisha makombora ya Gal yakafika mlangoni.

"Ya Da-hye imekwenda," alisema mtu.

"Ya yule wa ghala imekwenda. Ya mdogo wake pia."

Shangwe ilipungua, ikawa kutaja majina, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Wa miaka ya ishirini wakaisha. Wakaanza wa thelathini, na Cheol-gyu akasikia jina lake mwenyewe likipita katikati bila mtu kulitilia mkazo. Ndipo mke wa fundi mmoja, mgeni wa mambo, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mbona hawarudi nyuma?"

Vilisikika vijiti vikigusa bakuli.

"Hawa wakubwa nyuma mbona hawapigi?" aliuliza tena yule mama, na mumewe akamwambia kula.

Wale wakubwa hawakupiga kwa sababu mizinga yao haikufika. Walikaa kule ndani, wamenyooka, wanang'aa, wageni rasmi kwenye msiba wa watoto wao. Na meli kuu ya Mkurugenzi, ambayo ndiyo pekee iliyoruhusiwa kuumia kwa niaba ya wote, haikuwa na mkwaruzo. Alama yake ya uzima ilisoma kamili. Ikaendelea kusoma kamili wakati wa arobaini walipoisha, na wakati wa hamsini walipofikiwa mmoja mmoja. Heshima ilidumu. Mabamba yale ya meno yalikuwa mabamba kweli. Yangewekwa mbele, yangeokoa nusu ya kikosi. Sasa yaliokoa dakika.

Kisha Heshima ikapasuka. Ban alivuta pumzi kwa pua.

Hatimaye Mkurugenzi alibaki peke yake angani, na wote wa Gal wakamzunguka, na alama yake ikaanza kushuka. Ilipofika nusu, ile amri iliyokuwa ikisubiri tangu mwanzo ilitekelezwa bila kosa hata chembe. Meli kuu iligeuka, ikawasha moto wa mkia, ikatoroka. Cheol-gyu alijua hilo kwa sababu mtoto mmoja aliyekuwa anajifunza kusoma aliyasoma maandishi ya ukutani kwa fahari, silabi kwa silabi: "Ki-ko-si ki-na-ru-di nyu-ma."

Simu ilikuwa bado hewani.

"Tak!" Gal alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Leo umetoka ofisini mapema! Watu wako umewaacha na nani?"

Mkurugenzi alibonyeza simu ikanyamaza. Alijifuta mdomo. Cheol-gyu alikuwa bado amelala, koti usoni, na alitamani kwa moyo wake wote kwamba usingizi ule ungekuwa wa kweli.

"Mbinu mbovu," alisema Mkurugenzi.

"Tulimwachia kijana kila kitu," alisema Ban. "Kosa letu ni kuamini."

Cheol-gyu alilivua koti, akasimama. Mpangilio wake ulikuwa pale ukutani, nyuma ya kichwa cha Ban, na miaka ya kuzaliwa ya kila mmoja. Watu wote walikuwa wanamtazama, na hakuna hata mmoja aliyeutazama ukuta. Angeweza kunyoosha kidole tu. Badala yake aliinama, chini kuliko siku ile ya ofisini.

"Ni kosa langu," alisema. "Niadhibuni." Alisema hivyo kwa sababu bado alikuwa anahesabu, alidhani mtu akibeba aibu ya mkubwa wake, mkubwa atakumbuka mwezi Machi.

"Kaka!" alisema Da-hye kwa sauti, kutoka kwenye meza ya vijana. Kisha akaacha. Mkataba wake ulikuwa wa Juni, na Juni si mbali.

Jumatatu hapakuwa na mtu hata mmoja kiwandani mwenye Mto wa Fedha kwenye simu yake. Ile meza ya dirishani ilikuwa imewekewa mashine ya maji. Cheol-gyu alirudi kwenye mipira, akavuta, akamulika, akatupa yenye ufa, na kwa wiki zilizobaki hakusema chochote cha kuchekesha, jambo lililowachosha wenzake kuliko majigambo yake yote. Mwisho wa Februari Ban alimwita, akampa boksi la zawadi ya mwaka mpya lililobaki, lenye mafuta ya kupikia na nyama ya kopo, na akamshukuru kwa mchango wake.

"Neno la Mkurugenzi, Mkuu," Cheol-gyu alijaribu. "Kuhusu Machi."

"Alisema mkimpiga Gal. Mlimpiga?"

Cheol-gyu alimpigia mama yake kule Yeosu, akasema wamesogeza tarehe ya ajira mbele kidogo. Mama aliuliza kama nyama ya kopo ni ya bei ghali, ili awaambie wa kwaya.

Da-hye alimpigia mara chache kumpa habari. Kwamba wamemleta mtu wa mkataba mpya, ana vidole kama soseji. Kwamba Gal ameweka ile picha ya meli inayotoroka kuwa picha yake ya grupu. Mara ya mwisho, mwezi Mei, alizungumza haraka haraka.

"Kaka, Ban atakupigia. Kuna nafasi ya miezi mitatu kupitia wakala, halafu eti wataangalia. Usipokee."

"Wataangalia nini?"

"Unawajua wanavyoangalia. Mkurugenzi sasa ni baiskeli. Kila Jumapili tunazunguka ziwa Sihwa kama tumefungiwa mkia mmoja, yeye mbele, na hakuna anayeruhusiwa kumpita. Anaendesha polepole, kaka, mpaka watu wanaanguka. Usipokee simu."

"Sawa," alisema Cheol-gyu.

Ban alipiga kesho yake. Cheol-gyu aliipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Jumapili asubuhi," alisema Ban. "Usije na mdomo. Njoo na baiskeli, na uje umevaa kama watu. Mkurugenzi hapendi suruali ya kawaida."

"Nitakuja, Mkuu. Asante sana, Mkuu."

Baiskeli aliazima kwa jirani. Kwa mavazi alikwenda duka lililo karibu na stesheni, ambako kijana muuzaji alimwuliza anaendesha mbali au karibu. Cheol-gyu alisema hajui, anafuata mtu. Muuzaji alimshauri achukue kaptula yenye sifongo makalioni, kwa sababu anayefuata mtu ndiye anayekaa kitini muda mrefu. Akaigeuza lebo ya bei ili Cheol-gyu aisome mwenyewe.

Won elfu tisini na nne: zaidi ya mshahara wa siku nzima wa kuvuta mipira.